Dainamo kwenye baiskeli ya umeme: itakupa mwanga au itakula betri?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nasambaza maziwa Tanga mjini, natokea Pongwe. Baiskeli yangu ilikuwa ya kawaida, nikaifunga mota ya wati 250 kwenye gurudumu la nyuma. Betri ni ya volti 36, ampea-saa 10. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri na siku nyingine narudi usiku, madumu mawili ya lita 20 yakiwa kwenye keria. Taa za kuchaji ninazonunua zinakufa haraka. Fundi wa mtaani kwetu amenishauri nifunge dainamo ya kusugua tairi. Anasema taa itawaka bila kugusa betri, simu nitaichaji njiani, na umeme utakaobaki utarudi kwenye betri ili niende mbali zaidi. Dainamo nimeshainunua lakini sijaifunga. Je, anayosema ni kweli?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na jibu lenyewe, hesabu zifuate. Dainamo hiyo itawasha taa, hilo ni kweli. Lakini haitaiwasha bila kugusa betri, bali itaigusa zaidi kuliko ungeichukua taa ukaiunganisha na betri moja kwa moja. Na kurudisha chaji kwenye betri, hapana, hata ifungwe na fundi hodari namna gani. Wewe tayari unatembea na chanzo kikubwa cha umeme kwenye fremu. Unachokosa ni waya, fyuzi, swichi na taa inayokubali volti za betri yako.

Simlaumu fundi wako. Ushauri wake umewafaa waendesha baiskeli kwa miaka mingi, ila ulikuwa ushauri wa baiskeli isiyo na mota. Mota ikishaingia, hesabu yote inabadilika.

Umeme wa dainamo unatoka wapi

Mtu akiona gurudumu linazunguka, ni rahisi kudhani kwamba kinachofungwa juu yake kitapata umeme wa bure, kwa kuwa gurudumu lingezunguka tu hata hivyo. Kwa kuwa dainamo unayo, fanya jaribio hili leo jioni. Pindua baiskeli, iegemee usukani na kiti. Fungia dainamo kwenye foki ya mbele, kisha uzungushe gurudumu kwa mkono dainamo ikiwa haijagusa tairi. Litazunguka muda mrefu. Halafu ishushe iguse tairi, waya wa taa ukiwa haujaunganishwa, uzungushe tena kwa nguvu ileile. Litasimama mapema zaidi, hapo ni msuguano tu. Mwisho unganisha taa, uzungushe mara ya tatu. Sasa litasimama mapema kuliko mara zote mbili, na mkono wako utahisi wazi kwamba gurudumu limekuwa zito.

Uzito huo ulioongezeka ndio mwanga wenyewe. Ndani ya dainamo kuna sumaku inayozunguka karibu na koili ya waya wa shaba. Mkondo ukianza kupita kwenye koili, koili nayo inageuka sumaku na kuivuta ile nyingine kinyume na mwendo wake. Taa ikizimwa mvuto huo unaondoka, taa ikiwashwa unarudi. Kila wati inayotoka kwenye waya imelipiwa na kilichokuwa kikizungusha gurudumu.

Kwenye baiskeli ya kawaida anayelipa ni miguu. Kwako wanalipa miguu na mota kwa pamoja, na ukiwa na zaidi ya kilo 40 za maziwa nyuma, mota ndiyo inayolipa sehemu kubwa. Mota nayo haina pengine pa kuchukua ila kwenye betri.

Tuweke namba. Dainamo ya kusugua tairi hutengenezwa kutoa volti 6 na wati 3 baiskeli ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa. Ili itoe hizo wati 3, gurudumu hulazimika kuipa kama wati 10, kwa sababu sehemu kubwa inaishia kwenye msuguano wa tairi, kwenye beringi na kwenye joto la koili. Mota na kontrola yake, yaani kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, hupoteza robo hivi ya umeme wanaoupokea. Kwa hiyo wati 10 za kwenye gurudumu ni kama wati 13 zilizotoka kwenye betri. Chukua saa tatu za giza kwa siku: 13 mara 3, unakaribia wati-saa 40.

Sasa uunganishe taa ileile ya wati 3 na betri, kupitia kifaa cha kupunguza volti. Kifaa kizuri hupoteza kama sehemu moja katika kumi. Taa itavuta wati 3.4 hivi, na kwa saa tatu ni wati-saa 10.

Betri yako, volti 36 mara ampea-saa 10, ina wati-saa 360. Kwa mzigo wako, kilomita moja yaweza kula wati-saa 10 mpaka 12. Maana yake dainamo itakunyang'anya kilomita tatu na nusu au nne kila siku kwa kazi ambayo waya wa moja kwa moja ungeifanya kwa chini ya kilomita moja. Wewe ni mtu wa maziwa, basi lione hivi: ni kuhamisha maziwa kutoka dumu moja kwenda jingine kwa kikombe kinachovuja, wakati aliyeyataka angeweza kumiminiwa moja kwa moja.

Ukizima mota ukaendesha kwa miguu mitupu, betri kweli haitaguswa. Lakini hapo zile wati 10 zitatoka kwako, na mwendesha baiskeli wa kawaida asiye na haraka hutoa wati 75 hadi 100 tu. Utazihisi, hasa mwisho wa siku.

Kuhusu kurudisha chaji

Betri ya volti 36 ikijaa hufika volti 42. Ili umeme uingie ndani yake, lazima utoke mahali penye volti zaidi ya zile zilizomo wakati huo, na uwe DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, tena uliodhibitiwa. Dainamo inatoa AC, umeme unaogeukageuka mwelekeo, ya volti 6. Fundi wa elektroniki anaweza kutengeneza saketi ya kuunyoosha umeme huo na kuupandisha, lakini wati zitabaki 3 tu. Kujaza wati-saa 360 kwa wati 3 kungechukua saa 120 za kuendesha bila kusimama, taa zikiwa zimezimwa, na kama hakuna chochote kinachopotea njiani. Na kila saa moja ya hizo, mota ingetoa wati-saa 13 kwenye betri ili wewe uingize chini ya 3.

Pia kuna hatari. Dainamo isiyo na mzigo haibaki kwenye volti 6, inapanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na kwa mwendo wa baiskeli ya umeme inaweza kufika makumi ya volti. Seli za lithiamu hazivumilii kuchajiwa na kitu kisichojua kusimama. Mtu yeyote asiiguse betri yako kwa waya wa dainamo.

Huenda fundi wako amesikia habari za mota zinazorudisha umeme wakati wa breki, na hizo zipo. Mota iliyo kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kubwa kama sahani, haina gia ndani, na ukizungusha gurudumu kwa mkono unahisi sumaku zikikamata na kuachia, iwe unazungusha mbele au nyuma. Hiyo ikiwa na kontrola inayokubali, inaweza kugeuka jenereta ukibana breki. Ya pili ni ndogo, ina gia ndani na kifaa cha kuizuia isizungushwe na gurudumu. Ukizungusha kwenda mbele ni laini kabisa, ukirudisha nyuma ni nzito. Hii ya pili haiwezi kurudisha kitu. Mota nyingi za wati 250 zilizofungwa kwenye baiskeli za kawaida ni za aina hii, jaribu yako ujue.

Na hata ingekuwa ya aina ya kwanza, faida yake kwa njia zako ni ndogo. Wewe, baiskeli na maziwa, tuseme ni kilo 135. Mkiteremka kilima cha mita 20 kwenda chini, nguvu yote iliyomo kwenye mteremko huo ni kama wati-saa 7. Nusu ikirudi, umepata 3 na ushei. Hiyo ni mita mia tatu hivi za safari.

Namna ya kuunganisha taa na betri

Hapa ndipo nataka uwe makini kuliko kwingine kote, kwa sababu ndipo vifaa vinapoungua na ndipo mafundi wengi wazuri wa redio na simu wanapokosea.

Betri yako ina mafungu 10 ya seli yaliyofuatana. Likijaa kila fungu lina volti 4.2, jumla 42. Kontrola nyingi za volti 36 husimamisha mota betri ikishuka mpaka 31 hivi. Basi chochote utakachokiunganisha kiwe tayari kupokea kuanzia volti 28 mpaka 42, na ziada ya usalama juu yake. Neno "36V" kwenye kibandiko ni jina tu la betri. Namba ya kuangalia ni 42.

Kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki utakuta kibao kidogo cha saketi cha kupunguza volti, chenye chipu iliyoandikwa LM2596 na kiskrubu cha shaba cha kurekebishia. Ni rahisi, na kwa betri ya volti 12 ni kifaa kizuri. Lakini kikomo chake cha kazi ni volti 40. Fundi akikufungia jioni, betri ikiwa na volti 37, taa itawaka vizuri na nyote mtaridhika. Usiku utachaji mpaka 42. Alfajiri ukibonyeza swichi, chipu inapokea volti zilizovuka kikomo chake. Chipu ya aina hiyo ikifa, mara nyingi hufa kwa kufungua njia: volti zote 42 zinapita moja kwa moja mpaka kwenye taa ya volti 6, au mpaka kwenye simu. Vichaji vya simu vya kwenye gari vina tatizo hilohilo, vimetengenezewa volti 12 na 24.

Tafuta konveta, yaani kifaa cha kupunguza volti, iliyoandikwa kwamba inapokea mpaka volti 60 au zaidi. Zinazouzwa kwa ajili ya pikipiki za umeme mara nyingi zimemiminiwa gundi ngumu ndani ya boksi la alumini, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga hiyo ndiyo ninayoipendelea, maana unyevu haufiki kwenye saketi.

Lakini kwa taa peke yake ipo njia rahisi zaidi. Siku hizi kuna taa za LED za baiskeli na pikipiki za umeme zilizoandikwa kupokea volti 12 mpaka 80, kipunguza volti kikiwa ndani ya taa yenyewe. Hiyo inataka fyuzi na swichi tu. Kama ingekuwa baiskeli yangu ningenunua hiyo kwa taa ya mbele na ya nyuma, na konveta ningeiweka kwa ajili ya simu pekee.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba ulikatae hata fundi akikuhakikishia amelifanya mara nyingi: kufungua betri na kuchukua waya katikati ya seli, labda kwenye fungu la tatu, ili apate volti 12 bila konveta. Taa itawaka, na kwa wiki kadhaa hutaona tofauti. Lakini yale mafungu matatu yanakuwa yanaliwa kuliko wenzao saba. Kadi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ile BMS, hukata umeme wote mara fungu moja linapofika chini, hata kama mengine bado yana chaji. Utaanza kuona betri inazima njiani ikionyesha bado nusu. Wakati wa kuchaji nako mafungu saba yanajaa mapema, matatu yako nyuma, na sasa unaitegemea BMS peke yake izuie yale saba yasizidishiwe. Nimefungua betri za namna hii. Seli zilikuwa nzima siku zilipouzwa, zikauawa na waya mmoja.

Mahali sahihi pa kuunganisha ni kwenye waya mbili nene zinazotoka kwenye betri kwenda kontrola, yaani baada ya BMS lakini kabla ya kontrola. Kata tawi hapo. Usichukue umeme wa taa ndani ya kontrola kama unaweza kuepuka, na sababu yake utaiona mwishoni.

Kwenye waya chanya wa tawi hilo weka fyuzi, isizidi upana wa kiganja kutoka kwenye kiungio. Taa zako na simu pamoja hazifiki wati 12, ambazo kwa volti 36 ni theluthi moja ya ampea. Fyuzi ya ampea 1 inatosha kabisa. Zile fyuzi bapa za rangi za kwenye magari, soma mgongoni mwake, utakuta nyingi zimeandikwa volti 32, hazikutengenezewa betri yako. Tumia ya kauri iliyoandikwa volti 250, ndani ya kishikio cha kukaza. Huenda ukaambiwa fyuzi haina haja kwa taa ndogo. Fyuzi hailindi taa. Inalinda waya siku utakapochubuka kwenye keria na kugusa chuma, kwa sababu betri yako ina uwezo wa kusukuma ampea nyingi mno kwenye waya mwembamba, na waya huo unapita karibu na paja lako.

Swichi iwe upande wa volti 36, kabla ya konveta. Konveta iliyoachwa imeunganishwa bila kazi bado inakunywa kidogo. Hata ikiwa ni sehemu moja ya mia ya ampea tu, ni robo ya ampea-saa kwa siku. Baiskeli ikikaa siku arobaini bila kuguswa, ampea-saa 10 zimekwisha, na betri ya lithiamu iliyolala bila chaji si rahisi kuamka.

Vuta waya mbili mpaka kwenye kila taa, chanya na hasi. Kwenye baiskeli za dainamo tumezoea waya mmoja, umeme unarudi kwa kupitia fremu. Usifanye hivyo hapa. Viungio vilehemu, uvivishe mpira unaojibana kwa joto, na plagi uzipake grisi kidogo kabla ya kuzifunga. Kwenye shingo ya usukani acha waya ulegee, ugeuze usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone kama hauvutwi. Na upande wa nyuma upitishe chini ya bomba la keria, sio juu, madumu yanasugua.

Kabla ya kuunganisha taa au simu kwa mara ya kwanza, pima kwa mita kinachotoka kwenye konveta, betri ikiwa imejaa. Kupima betri ikiwa nusu hakukuambii kitu.

Simu nayo ina hesabu yake. Simu yenye betri ya 5,000 mAh hubeba wati-saa 19 hivi, na ukijumlisha kinachopotea utatumia kama 24. Ni kilomita mbili za safari yako. Si nyingi, ila zijue. Mtikisiko wa barabara pia unakula tundu la kuchajia la simu. Mimi ningechaji pawa benki kwa konveta, pawa benki ikiwa ndani ya mfuko mdogo kwenye fremu, na simu niiunganishe na pawa benki nikiwa nimesimama kwa wateja.

Dainamo inafaa wapi basi

Nisije nikaeleweka kwamba dainamo ni kitu kibaya. Kwa baiskeli isiyo na betri ni chombo cha ajabu: hakichajiwi, hakisahauliki nyumbani. Ipo aina inayokaa ndani ya habu ya gurudumu la mbele, haisugui tairi kabisa. Kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilianza kuuza habu ya namna hiyo mwaka 1936, na za siku hizi zimekuwa bora sana. Kwa wati 3 zinadai kama wati 6 tu kwenye gurudumu. Ujerumani, sheria ilizilazimisha baiskeli nyingi kuwa na dainamo mpaka mwaka 2013 ndipo taa za betri zikaruhusiwa, na ndiyo sababu taa na habu nyingi bora za dainamo zinatoka huko.

Mtu anayesafiri mbali kwa baiskeli ya umeme, ambaye betri inamwishia kila siku na anamalizia kwa miguu, anaweza kuwa na sababu ya kuweka habu ya dainamo mbele, mota ikiwa nyuma. Anapata taa zisizotegemea betri hata kidogo. Lakini gurudumu lenye habu hiyo ni ghali mara nyingi kuliko konveta na taa kwa pamoja, na wewe unalala nyumbani penye chaja kila siku. Sioni sababu ya kuingia gharama hiyo.

Na ile ya kusugua tairi ina shida nyingine kwenye baiskeli kama yako. Kigurudumu chake kina kipenyo cha milimita 22 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa kinazunguka kama mara 6,000 kwa dakika, na wewe unaenda mwendo huo kwa saa nzima, si kwa dakika chache za mteremko kama ilivyokuwa zamani. Beringi zake zinalika, na ubavu wa tairi unakwanguka. Mvua ikinyesha kinateleza na taa inafifia wakati unaihitaji zaidi.

Kama dukani wanakubali, irudishe. La sivyo ifunge kwenye baiskeli nyingine isiyo na mota. Hakikisha mhimili wa dainamo, ukiurefusha kwa macho, unaelekea katikati kabisa ya ekseli ya gurudumu. Ukienda pembeni, kigurudumu kitakuwa kinakwaruza badala ya kubingirika. Ile skrubu yenye ncha iliyo kwenye kishikio ikazwe mpaka itoboe rangi ifike kwenye chuma, kwa sababu umeme unarudi kupitia hapo. Taa ya dainamo "isiyowaka bila sababu" mara nyingi sana ni kutu chini ya skrubu hiyo. Weka pia taa ya LED ya dainamo badala ya globu. Zenye kapasita ndani, kile kijifaa kinachohifadhi umeme kidogo, huendelea kuwaka dakika chache baada ya kusimama, globu inazima papo hapo.

Siku betri ikikata

Kuna jambo moja ambalo fundi wako alikuwa na haki ya kulihofia, nalo ni kubaki gizani betri ikiisha. Sheria ya Ujerumani kuhusu baiskeli za umeme inaruhusu taa zitegemee betri ya mota, ila kwa sharti: mota ikishasimama kwa kuishiwa chaji, taa ziweze kuendelea kwa saa mbili zaidi, au mota yenyewe itumike kama jenereta wakati huo. Saa mbili za taa ya wati 3.4 ni wati-saa 7, asilimia 2 ya betri yako.

Ndiyo maana nimekuambia ukate tawi kabla ya kontrola. Kontrola ikisimamisha mota kwenye volti 31, betri bado ina mabaki, kwa sababu BMS haikati mpaka karibu volti 28. Taa iliyounganishwa kabla ya kontrola itaendelea kuwaka ukiwa unapiga pedeli. Iliyounganishwa ndani ya kontrola, inategemea kontrola hiyo ilivyotengenezwa, na nyingine zinazima kila kitu.

Lakini BMS yenyewe ikikata, iwe kwa kuisha chaji au kwa kuzidiwa kwenye mlima seli zikiwa zimechoka, kila kitu kinazima kwa pamoja, mota na taa, bila onyo, na wewe una kilo 40 za maziwa zinazokusukuma kwenye barabara ya Segera yenye malori. Kwa hiyo weka taa ya pili ya nyuma yenye betri yake ndogo ndani, isiyounganishwa na chochote. Usiisubiri betri kubwa ikate ndipo uitafute kwenye mfuko. Iwashe kila unapoingia barabarani gizani, kwa mwanga usiokatika wala kumeta. Taa za kuchaji ulizonazo zinaweza kuwa zinakufa kwa sababu umekuwa ukizimaliza kabisa kila siku na kuzichaji haraka. Ikiwa taa ya pili badala ya taa pekee, itadumu zaidi, na utaichaji kutoka kwenye pawa benki.

Taa ya mbele ielekeze chini kiasi kwamba katikati ya mwanga wake paguse barabara mita 10 hivi mbele yako. Ukiipandisha juu zaidi unawapofusha wanaokuja na wewe mwenyewe huoni shimo. Za nyuma usizifunge chini ya kiti kama ilivyozoeleka, kwako madumu yatazifunika zote mbili. Zifunge kwenye ncha ya mwisho ya keria, chini ya usawa wa madumu, na ile yenye betri yake uiweke upande wa kulia, ndiko magari yanakokupitia.